Kabla ya kununua bunduki ya chui, kagua zizi lako

Wafugaji wa Kahama, Ushetu, Mbogwe na Bukombe wanapokutana mnadani, hasa baada ya fisi kuvamia mazizi au chui kuonekana katika vijiji vinavyopakana na pori la Kigosi, swali huwa ni moja: ninunue bunduki gani? Mmoja atasema shotigani inatosha. Mwingine aliyewahi kuona picha za wawindaji wa kizungu atasema bila raifo kubwa unajidanganya. Wa tatu, tena kwa sauti ya chini, atamtaja fundi wa magobole. Na mfanyabiashara wa dhahabu wa Nyarugusu, aliyeigeuza faida yake kuwa ng'ombe, atagusa kiuno na kusema yeye bastola anayo tayari.

Naomba niseme maoni yangu mapema. Kwa mfugaji wa kawaida wa Shinyanga na Geita, hakuna bunduki ya dukani itakayolinda mifugo kuliko zizi lililojengwa sawasawa. Na ile bunduki inayomfaa kweli mnyama hatari inatakiwa iwe mikononi mwa askari wa wanyamapori aliyefunzwa, anayelipwa, na anayefika anapoitwa. Sisemi hivi kwa kuwahurumia chui. Ninasema kwa hesabu.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana watu wengi huchagua bunduki kabla ya kujua adui ni nani. Mbuzi akiuawa usiku, asubuhi kila mtu husema ni chui. Mara nyingi si chui. Tazama nyayo. Za chui na za simba ni za mviringo na hazionyeshi kucha, kwa kuwa wanyama hawa hurudisha kucha ndani wanapotembea. Za fisi huonyesha kucha waziwazi kama za mbwa. Tazama na mzoga. Chui hukaba koo, halafu huburuta nyama yake kwenda kichakani au juu ya mti. Fisi huanza tumboni na mapajani, huvunja mifupa na kuila, na mara nyingi kinachobaki ni damu, manyoya na pembe. Ukikuta kinyesi cheupe kama chokaa karibu na njia waliyopita, huyo ni fisi aliyekwisha kula mifupa mingi.

Kwa sehemu kubwa ya Shinyanga, adui wa kila siku ni fisi. Chui ni wa pembeni ya mapori. Simba ni wa upande wa pori la akiba la Maswa, ambako sasa ni Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na wa vijiji vichache vinavyogusana na hifadhi. Wanyama hawa watatu wanaingia zizini kwa namna tatu tofauti, na hakuna risasi moja inayowafaa wote.

Sasa tuje kwenye kaliba. Kwa miaka mingi taratibu za uwindaji wa kitalii hapa Tanzania zimetaka raifo isiyopungua kaliba ya .375 kwa simba, nyati na tembo. Risasi maarufu ya kaliba hiyo ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912, na hadi leo wawindaji bingwa wengi wanaiamini. Kipande cha risasi kina uzito wa karibu gramu 19, kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni kama mara 12 ya risasi ya bastola ya milimita 9. Kwa hiyo yule ndugu yetu wa Nyarugusu aiache bastola kiunoni. Kumpiga chui kwa bastola gizani ni kumkasirisha kwa gharama kubwa.

Lakini hebu iangalie hiyo .375 ukiwa Kishapu au Shinyanga Vijijini. Ardhi ni tambarare, miti ni ya kuhesabu, na kaya za Kisukuma hazikusanyiki mahali pamoja kama nyumba za mji bali zimetawanyika mbugani, hii hapa na nyingine ng'ambo ya shamba la pamba. Risasi ya raifo ikikosa shabaha inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Mwindaji bingwa porini huchagua mahali pa kusimama, huangalia kilichoko nyuma ya mnyama, na hupiga mchana. Wewe umeamshwa saa 8 usiku, tochi iko mkono mmoja, mbuzi wanalia, watoto wamesimama mlangoni, na nyuma ya zizi kuna nyumba ya jirani. Bunduki inayomtosha simba haikitoshei kijiji.

Shotigani, basi? Wengi huishia hapo, na si uamuzi wa kipumbavu. Marisau hayaendi mbali, kwa hiyo jirani yuko salama zaidi. Tatizo ni kwamba marisau husambaa. Wenye uzoefu hukadiria sentimita 2 hadi 3 za upana kwa kila mita ya umbali. Katika mita 30 chembe zako 9 za risasi kubwa zimetawanyika karibu mita moja, na fisi akiwa upande, sehemu inayomuua haizidi upana wa sinia dogo. Zitampata chembe 2 au 3, nyingine zitaingia kwenye mbuzi uliokuja kuwaokoa. Na hapo nimezungumzia risasi kubwa. Ukiwa na zile ndogo za kupigia kanga, utamjeruhi mnyama tu.

Mnyama aliyejeruhiwa ndiye anayeua watu. Chui mwenye risasi ya tumboni hukimbilia kichaka cha karibu na kulala chini kimya, na asubuhi vijana wakifuata damu kwa fimbo na mishale, yeye hutoka akiwa umbali wa hatua chache. Waganga wa hospitali za wilaya wanajua majeraha ya namna hiyo: kichwani, usoni, mikononi. Na ikumbukwe kuwa mtu aliyeng'atwa na mnyama wa porini, hata kama kidonda ni kidogo, anapaswa kuoshwa kidonda kwa maji mengi na sabuni na kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama ataugua, kwa sababu akishaanza kuugua hakuna dawa.

Wapo wanaosema mbona Wamarekani huwinda simba wao wa milimani kwa bunduki ndogo tu. Ni kweli, na vijana wanaotazama video hizo kwenye simu wanapenda kuzinukuu. Lakini jambo lenyewe lieleweke. Yule mnyama, puma, ana uzito unaokaribiana na wa chui. Huko hufukuzwa na mbwa waliofunzwa mpaka apande mti, kisha mwindaji hufika mchana, husimama chini, huchagua pa kupiga, na hufyatua akiwa mita 20 au pungufu. Kwa kazi ya namna hiyo bunduki ndogo inatosha kweli. Tena puma huwaogopa watu mno. Hata hivyo jimbo la Oregon lilikwisha kupiga marufuku kutumia mbwa katika uwindaji huo mwaka 1994, na Washington ikafuata mwaka 1996. Chui wa Kigosi hafukuzwi na mbwa wa kwetu. Mara nyingi yeye ndiye anayewafukuza, na wengine huwala. Ushauri wa bunduki unaotoka kwenye milima ya Marekani hauna kazi mbugani kwetu.

Gobole nalitaja kwa ufupi kwa kuwa kila mtu analijua na hakuna anayekiri kuwa nalo. Mtutu wa bomba la maji, baruti ya kienyeji, goroli au vipande vya nondo. Linafyatuka mara moja, halafu uanze kulijaza upya mbele ya fisi watano. Mengine hupasuka na kuondoka na vidole vya mwenyewe. Kulimiliki bila leseni ni kosa la jinai. Mwenye nalo ana njia ya kulitua: Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na Jeshi la Polisi hapa nchini limekuwa likitangaza kipindi cha kusalimisha bila kushtakiwa. Sikiliza tangazo, fuata masharti yake, lipeleke.

Sumu ni mbaya kuliko gobole. Kunyunyizia mzoga dawa ya wadudu kunaua fisi, ni kweli, lakini kunaua pia mbwa wako, tai waliotua asubuhi, na pengine mtoto aliyeokota nyama. Dawa iliyojulikana kwa jina la Furadan ilitumika vibaya hivyo Afrika Mashariki mpaka kampuni ya FMC iliyoitengeneza ikaanza kuiondoa sokoni huku mwaka 2009. Dawa zenye ukali kama huo bado zinapatikana, na anayezitega kwenye mzoga hajui ni nani atakayekula.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza zaidi ya mbuzi. Silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi hupita kwa viongozi wa eneo lako na kwa polisi, unachunguzwa mwenendo wako, na lazima uwe na mahali salama pa kuitunza. Nyumba ya tope yenye mlango wa bati na kufuli la barabarani haihesabiki. Halafu kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hii inakuruhusu kumuua mnyama anayehatarisha uhai wako au mali yako, lakini si kumfuata porini kesho yake kulipiza kisasi, na lazima utoe taarifa bila kuchelewa. Mzoga si wako. Ngozi, kucha, meno na mafuta ni nyara za Serikali. Watu wamefungwa miaka 20 kwa kukutwa na vitu hivyo. Yule mganga anayekuomba kucha za simba au kipande cha ngozi ya chui hatakuwepo mahakamani siku hiyo.

Hapa nagusa mila yetu kidogo, na najua wengine hawatapenda. Zamani Msukuma aliyemuua simba aliyekula ng'ombe aliheshimiwa, akazunguka kwa ndugu na majirani akicheza, akapewa zawadi za mifugo. Jambo hilo lilikuwa na maana yake: kijiji kilimlipa mtu aliyehatarisha maisha kwa ajili ya wote. Lakini kwa Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao, watafiti waliona vijana wakienda kumtafuta simba ambaye hakula ng'ombe wa mtu, kwa sababu ya zawadi tu. Wazee wa huko wenyewe wakalikemea, na vijiji vikaanza kuweka utaratibu wa kuwatoza faini wachezaji wa namna hiyo. Nalo suala la fisi wa watu, fisi wanaosemekana kufugwa na wachawi, limezuia vijiji vingi kujenga mazizi, kwa sababu mtu akishaamini adui ni jirani yake, fedha humwendea mganga badala ya fundi.

Basi hesabu. Nenda duka lenye kibali la silaha, uliza bei ya shotigani, ongeza risasi, kabati la chuma, ada za leseni, nauli za kwenda na kurudi wilayani na mkoani mara nyingi utakavyoitwa. Kisha gawanya jumla hiyo kwa bei ya mbuzi mmoja katika mnada wa Mhunze. Utapata idadi ya mbuzi ambao bunduki hiyo ingepaswa kuwaokoa kabla haijarudisha hata senti. Na baada ya hapo, kila usiku wa maisha yako, nyumba yako ina kitu ambacho majambazi wa ukanda wa dhahabu wanakitafuta kuliko dhahabu yenyewe.

Wenye umri wanakumbuka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa Kanda ya Ziwa, wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia bunduki, na ndipo miaka ya mwanzo ya 1980 Sungusungu wakaanzia huku kwetu, Kahama na Shinyanga. Wao hawakujibu bunduki kwa bunduki. Walikuwa na upinde, mishale, na mwano, ile sauti ya kuitana inayopokelewa kaya kwa kaya mpaka eneo zima liko macho. Kwa fisi, mwano na mienge bado vinafanya kazi kuliko risasi moja ya mtu mmoja mwenye usingizi.

Fedha hizo za shotigani ziingie kwenye zizi. Lakini nalo zizi lichaguliwe kwa kumjua mnyama, kama vile ambavyo mtu angechagua kaliba. Fisi hapendi kuruka. Husukuma na kuchimba. Miiba mikavu iliyotupwa ovyo humzuia wiki ya kwanza, kisha mchwa wanaila na mbuzi wanaikanyaga, na pengo la chini linapatikana. Dhidi ya fisi, weka mawe msingini au fukia wavu wa waya nusu mita chini, na lango liwe la mbao nzito linalofika ardhini kabisa. Fisi wengi huingia langoni.

Chui huruka, na ukuta wa mita 2 si kitu kwake. Dhidi yake kinachohitajika ni paa. Mbuzi, kondoo na ndama walale kwenye banda dogo lililofunikwa kwa wavu au miti iliyokaribiana. Ng'ombe wakubwa wanaweza kubaki nje.

Simba ana ujanja wa tatu. Mara nyingi haingii kabisa. Hukaa upande unakotoka upepo, ng'ombe wanasikia harufu, wanachanganyikiwa, wanavunja zizi wenyewe na kutoka kwenda kwake. Kwa hiyo zizi la eneo la simba linatakiwa liwe imara kuelekea nje, si kuelekea ndani tu, na liwe zito kiasi kwamba simba haoni ng'ombe na ng'ombe hawaoni simba. Wazee wetu walikuwa na jibu: minyaa. Ua wa minyaa uliopandwa karibukaribu hauoti moto kirahisi, hauliwi na mifugo, na baada ya misimu michache huwa ukuta wa kijani. Tahadhari ni moja, utomvu wake. Ukiingia jichoni unaweza kupofusha, hivyo ukate ukiwa umejifunga kitambaa na watoto wakiwa mbali. Kule Simanjiro wafugaji wamechanganya mambo mawili, wavu wa waya uliofungwa kwenye miti hai inayochipua badala ya nguzo zinazooza, na mazizi hayo yamepunguza sana mashambulizi ya usiku. Sioni kwa nini kitu kama hicho kisifanyike kwa minyaa Kishapu.

Taa nazo zisidharauliwe. Kijana mmoja wa Kenya, Richard Turere, akiwa bado mtoto anayechunga ng'ombe wa baba yake karibu na Hifadhi ya Nairobi, alitengeneza taa za kuwaka na kuzimika kwa kutumia betri ya gari na paneli ya jua, simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuelezea kazi yake. Fundi yeyote wa simu pale Kahama mjini anaweza kuunganisha kitu kama hicho kwa siku moja. Uhamishe taa mara kwa mara, maana fisi si mjinga, akizoea hupita.

Kuna watakaosema dawa ni kufyeka ngitili ili wanyama wakose pa kujificha. Hapo tusikubali hata kidogo. Shinyanga ilipokuwa inaitwa Jangwa la Tanzania hatukuwa na chui, na hatukuwa na kuni, malisho ya kiangazi wala asali. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha ngitili katika mamia ya maelfu ya hekta, na wanyama wakarudi pamoja na miti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati hasara iliyoletwa na wanyamapori ilikuwa kama dola 63 kwa familia nzima kwa mwaka. Familia ya watu 6, kwa hesabu hiyo, ilipata zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Hasara ipo, inauma, lakini haikaribii faida.

Ubaya ni kwamba hasara haigawanywi sawa. Ngitili inanufaisha wengi, mbuzi 7 wanaliwa kwa mtu mmoja. Kinachotolewa na Serikali kinaitwa kifuta machozi, wala sheria haikiiti fidia, na jina lenyewe linaeleza kiwango chake. Toa taarifa asubuhi ile ile, piga picha nyayo na mzoga kabla mbwa hawajaharibu, muite mtendaji wa kijiji aandike. Bila hivyo hata hicho kidogo hukipati.

Tangu mwaka 2016 tunayo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na kila halmashauri inatakiwa kuwa na watu wa wanyamapori. Bunduki ya kaliba sahihi, kwa hiyo, tumekwisha kuinunua sote kwa kodi zetu. Hata hivyo, anayekaa kijijini anajua kwamba mnyama hufika usiku na askari hufika baada ya siku mbili, pengine na gari lisilo na mafuta. Hilo ndilo la kulipigia kelele. Kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, mfugaji asimame aulize, majibu yaandikwe kwenye muhtasari: askari wa wanyamapori wa karibu na sisi ni nani, namba yake ya simu ni ipi, raifo yake iko wapi, ana risasi ngapi, na mafuta ya pikipiki yake yamo kwenye bajeti inayoanza Julai au hayamo? Kama hayamo, diwani yupo hapo hapo mkutanoni, aeleze.